Tamasha Lililozinduliwa kwa Mkasi

Ipo nchi moja, wala msiniulize iko upande gani, maana mwenye kuuliza sana huko huandikwa jina. Itoshe kusema si kwetu. Kwetu hayawi kama haya.

Katika nchi hiyo kitu hakiwi kitu mpaka kizinduliwe. Kisima kikichimbwa, maji yakajaa pomoni, watu hukizunguka na ndoo zao wakaenda kuchota dimbwini, kwa kuwa kisima bado hakijazinduliwa. Daraja likijengwa, watu hupita chini yake, ndani ya maji, wameinua nguo, huku wakilisifu. Choo cha soko kuu kilikaa miezi kumi na minne kimefungwa utepe mwekundu, na wenye haja walikuwa wakikitazama kwa uzalendo, wakivumilia.

Humo ndimo alimoishi Bi Zaituni, mke wa fundi cherehani. Mama mwenye mtoto mwenye kipaji na aisikilize habari yake mpaka mwisho, kisha aende akamtazame mtoto wake vizuri.

Bi Zaituni alikuwa mtu wa kuamini mhuri. Darasa la saba alimaliza, cheti chake akakitia nailoni, na tangu siku hiyo kila karatasi yenye mhuri wa duara aliisoma mara mbili: mara ya kwanza kuielewa, mara ya pili kuiogopa. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, Ruzuna, wa miaka kumi na mitatu, na Ruzuna alikuwa na fidla aliyoachiwa na babu yake. Msichana akiibana ile fidla kidevuni akavuta upinde, mtaa mzima ulitulia. Hata jirani yao Mama Kidawa, aliyekuwa akigombana na mumewe kila siku baada ya chakula cha mchana, alilalamika kwamba fidla ile inamfanya asahau alikuwa amefikia tusi gani.

Siku moja ukaja waraka. Wizara ya Sauti na Ukimya ilitangaza Tamasha Kuu la Muziki wa Daraja kwa Vijana Chipukizi, litakalofanyika Kisiwa cha Mandhari. Muziki wa daraja, waraka ulieleza, ni ule unaosikilizwa umekaa, bila kutingisha bega. Mwalimu Ghanima, mkuu wa chuo cha muziki cha ng'ambo ya maji, angekuja kuwasikiliza watoto, na mmoja, mmoja tu, angemchukua akamfundishe miaka mitano.

Zaituni aliposoma "mmoja tu" moyo ulimdunda. Alipofika kifungu cha tisa ukasimama. Kifungu kilisema: chombo kikishaandikishwa, kitahesabiwa hakijazinduliwa, na ni marufuku chombo kisichozinduliwa kutoa sauti mpaka siku ya tamasha.

"Maana yake nini, mama?" aliuliza Ruzuna.

"Maana yake lete hiyo fidla."

Akaitia kwenye kasha, kasha akalitia kabatini, ufunguo akautia kifuani.

"Sasa nitajifunzaje? Tamasha ni baada ya miezi mitatu!"

Zaituni aliingia jikoni akatoka na mwiko. "Jifunzie huu. Vidole ni vilevile."

Basi kwa miezi mitatu mtoto yule akakaa barazani kila alasiri, mwiko begani, ufagio wa chelewa ndio upinde, akipiga nyimbo zisizosikika. Wapita njia wakampa pole mama yake.

"Shoga," Mama Kidawa alimwambia, "wenzio wote vyombo vyao vinalia usiku na mchana huko majumbani. Nani anakuja kupekua?"

"Wenzangu hawajasoma kifungu cha tisa."

"Na wewe ulikisoma cha nini?"

Zaituni alimwona mwenzake kuwa mtu asiye na cheti.

*

Kisiwa cha Mandhari kilikuwa kizuri kupita kiasi, hata serikali ikaona haifai kukiacha hivihivi. Watu waliposhuka botini walikuta kibao: MANDHARI HII NI MALI YA UMMA. USIITAZAME BILA MWONGOZO. Pembeni alisimama mwongozaji, akiwaelekeza watoto watazame kushoto kwa zamu. Mchanga ulikuwa umefagiliwa mpaka ufukweni. Kunguru walikuwa wamehamishwa. Bahari nayo, ilisemekana, iliandikiwa barua ya kuombwa ipunguze mawimbi wakati wa tamasha, na bado haijajibu.

Aliyewapokea ni Afisa Itifaki, Bwana Shekuwe, mtu mwembamba aliyezungumza kana kwamba kila neno lake lina nakala ofisini. Aliwakusanya akina mama arobaini na watatu, kwa watoto arobaini na watatu, akawatangazia kwamba Mheshimiwa Waziri mwenyewe atazindua kila chombo kwa mkono wake, kwa kukata utepe.

"Tunahitaji Kamati ya Mama wa Tepe," alisema. "Na mwenyekiti."

Zaituni alikuwa amekaa mbele kabisa, daftari limefunguliwa, kalamu mbili mkononi. Hakuchaguliwa na mtu. Alionekana tu, akawa mwenyekiti. Na sema usemavyo, alifurahi. Tangu azaliwe hakuwahi kuwa mwenyekiti wa kitu, hata wa upatu.

"Tepe zitafungwa kwenye makasha," alisema Bwana Shekuwe. "Swali?"

Hapakuwa na swali. Pangebaki hivyo, watoto wangepiga muziki, na mimi leo ningekuwa natwanga mpunga. Lakini Zaituni aliona uenyekiti unamtazama. Uenyekiti hauwezi kukaa bila kuchangia. Akanyoosha mkono.

Ruzuna, aliyekaa nyuma yake, akaivuta kanga yake. "Mama, nyamaza."

"Nyamaza wewe. Bwana Afisa, kwa heshima na taadhima. Makasha ni meusi, yote yako sawa. Kwenye televisheni itaonekana kama Mheshimiwa anazindua majeneza."

Akina mama wakaguna kwa kukubali. Bwana Shekuwe akashtuka kidogo; neno majeneza halimo katika itifaki.

"Unashauri nini, Bi Mwenyekiti?"

"Tepe zifungwe kwenye vyombo vyenyewe. Palepale kwenye nyuzi. Utepe mwekundu juu ya nyuzi nyeupe, hapo picha itapendeza."

Makofi yakapigwa. Bwana Shekuwe aliandika, akapiga mhuri, na wazo likawa agizo. Siku nzima akina mama wakafunga. Wa fidla na udi walipitisha utepe chini ya nyuzi, juu ya nyuzi, wakakaza. Wa ngoma walitandaza utepe juu ya ngozi, wakaugundisha kwa gundi. Wa zumari walikosa pa kufunga, wakauuliza uongozi, na mwenyekiti akawaambia wauchomeke tunduni. Utepe wa Ruzuna aliufunga Zaituni mwenyewe, mafundo matatu, akaukaza kwa meno.

"Mama," alisema Ruzuna taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa, "mkasi ukikata utepe, na nyuzi zitakatika."

Zaituni alisita. Kwa muda wa kumeza mate mara moja, aliona kila kitu kama kitakavyokuwa. Kisha akajibu jibu ambalo mama wengi tumewahi kulijibu:

"Wewe unajua zaidi kuliko kamati?"

*

Siku ya tamasha Mheshimiwa alitarajiwa saa tatu asubuhi. Saa tatu watoto walikuwa wamepangwa juani, nguo nyeupe, vyombo mapajani. Saa tano mwongozaji aliwaruhusu watazame mandhari dakika moja. Saa nane mtoto wa zumari alizimia, akazimuliwa, akarudishwa mahali pake kwa mujibu wa orodha. Saa tisa boti ya Mheshimiwa Profesa Mhandisi Bakungu, Waziri wa Sauti na Ukimya, ikatia nanga.

Huko hawasemi "itifaki imezingatiwa" wakamaliza. Ni lazima kila mtu atajwe. Bwana Shekuwe alimtaja Mheshimiwa, akamtaja mke wa Mheshimiwa aliyekuwepo, akawataja wake wa Mheshimiwa ambao hawakuwepo, akawataja wakuu wa idara, wakuu wastaafu wa idara, na viti viwili vilivyowekewa watu ambao bado hawajateuliwa. Mwalimu Ghanima, bibi wa makamo aliyevaa miwani ya kamba, alitajwa wa mwisho, baada ya kampuni ya mahema.

Mheshimiwa akahutubia. "Ndugu zangu," alisema, "muziki ni nini? Muziki ni maendeleo yanayosikika. Serikali hii imedhamiria kwamba ifikapo mwisho wa mpango, kila mwananchi atakuwa na sauti yake, na sauti hizo zitahifadhiwa mahali pamoja, penye ulinzi." Makofi. "Vijana, msiharakishe kupiga. Mimi sikuwahi kupiga chombo chochote maishani, na mnaona nilipofika." Makofi tena. Zaituni alipiga mpaka viganja vikawaka, maana alikuwa karibu na kamera.

Ukaletwa mkasi wa dhahabu juu ya mto wa hariri. Mkasi wenyewe ulikuwa umezinduliwa wiki iliyopita, kwa mkasi mwingine.

Mheshimiwa akamwendea mtoto wa kwanza, akatabasamu kwa kamera, akabana. *Ting! Tang! Tong! Tung!* Nyuzi nne zikaruka kama panzi. Moja ikamchapa Mheshimiwa kwenye tai.

Mtoto akaitazama fidla yake. Mama yake akamtazama Zaituni. Zaituni akatazama mandhari, upande wa kulia, ambao haukuwa zamu yake.

Bwana Shekuwe akapiga makofi, na watu wote wakaona: kumbe ndivyo inavyotakiwa.

Mheshimiwa akaendelea. Huko huwezi kusimamisha uzinduzi. Ukisimama katikati inabidi uanze upya na kutaja majina. *Ting, tang, tong, tung*, safu ya kwanza. *Tung, tong*, safu ya pili. Ngoma zilipasuliwa ngozi kwa mstari mmoja mnyoofu. Zumari zilimpa shida kidogo. Ilibidi auchokonoe utepe kwa ncha ya mkasi, ukaingia ndani zaidi, akasema inatosha. Watoto wengine walilia, na mtangazaji wa televisheni akaeleza kwamba ni machozi ya furaha.

Alipofika kwa Ruzuna, wa arobaini na tatu, mkono wa Mheshimiwa ulikuwa umechoka na mkasi umekuwa butu. Alibana mara moja, mara mbili. Utepe ukakatika, nyuzi tatu zikaenda nao. Wa nne ukabaki.

"Vyombo vyote sasa vimezinduliwa rasmi!" alitangaza Bwana Shekuwe. Akashuka jukwaani haraka, akawainamia watoto, akawanong'oneza kitu. Kisha akapanda tena: "Watoto sasa watapiga. Kwa vitendo."

Na watoto wakapiga kwa vitendo. Pinde zikaenda na kurudi hewani. Mikono ikapiga ngoma zilizochanika, taratibu, isije ikazama. Mashavu ya wa zumari yakavimba na kunywea. Dakika kumi na mbili nzima palisikika bahari tu, ambayo kumbe ile barua haikuipata. Mheshimiwa alifumba macho, akatikisa kichwa kwa ladha. "Sijawahi kusikia kitu kama hiki," alimwambia aliye karibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alisema kweli.

Hapo ndipo sauti ikatoka.

Ilikuwa sauti moja, nyembamba, ndefu, ya uzi mmoja. Ruzuna alikuwa amefumba macho. Upinde ulikuwa umegusa. Watu wote wakageuka. Mwalimu Ghanima, aliyekuwa ameinamisha kichwa tangu asubuhi, akakiinua.

Zaituni aliona mambo mawili kwa pamoja. Aliona Mwalimu Ghanima akivua miwani na kuvaa tena. Na aliona Mheshimiwa akifumbua jicho moja. Kati ya hayo mawili alichagua jicho. Akasimama katikati ya ukumbi wa mahema, kanga ikamdondoka, akapiga kelele:

"Wewe Ruzuna! Shusha mkono! Unataka kutuaibisha mbele ya wakubwa?"

Ruzuna akashusha mkono.

"Nani yule?" aliuliza Mwalimu Ghanima.

"Hitilafu ya mitambo, Mwalimu," alijibu Bwana Shekuwe. "Imerekebishwa."

*

Jioni ile kila mtoto alipewa cheti cha Kushiriki kwa Utulivu. Zaituni alipewa chake, kikubwa kuliko vyote, kwa mchango wake wa mawazo na kwa kulinda hadhi ya tukio. Kilikuwa na mihuri mitatu. Alikisoma mara mbili, lakini mara hii hakuogopa wala hakuelewa. Alimtafuta Ruzuna ampe akishike. Ruzuna alikuwa amekwenda kukaa gatini, kasha miguuni, mgongo ameupa mandhari.

Mwalimu Ghanima naye alikuwa gatini na mfuko wake, akingoja boti. Habari zilikuwa zimeshazagaa kwamba hakuchagua mtu. "Sikusikia kitu," alisema kwa kila aliyemuuliza. "Nimchague nani? Aliyepiga hewa vizuri?"

Zaituni alisimama mbali, akavua viatu, akavaa, mwishowe akajitosa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, ile hitilafu ya mitambo ni mwanangu. Yule pale."

Mwalimu akamtazama yule msichana, kisha mama. "Na yule aliyempigia kelele?"

"Ni mimi."

"Na waliofunga tepe kwenye nyuzi walifundishwa na nani? Maana nimefundisha muziki miaka thelathini, sijaona akili ya namna hiyo."

"Na hilo ni langu, Mwalimu. Mimi ndiye mwenyekiti."

Mwalimu Ghanima alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. "Bibi wee! Umejaaliwa. Mtu mmoja, siku moja!" Akatazama baharini, boti ilikuwa inakaribia. "Haya. Nina nusu saa. Apige."

"Hapa?"

"Hapa."

"Sasa hivi?"

"Ulitaka Ijumaa?"

Zaituni alitazama kushoto, akatazama kulia. Wapagazi wawili walikuwa wamelalia magunia. Mama mmoja alikuwa akikoroga supu ya pweza. Hapakuwa na afisa hata wa dawa, hapakuwa na kibao chochote, cha kukataza wala cha kuruhusu, na hilo ndilo lililomtia hofu. Akafikiri: kesho wakisema Mwalimu alimchukua mtoto kwa sauti isiyo halali? Wakiifuta nafasi yake? Nimeharibu mara mbili, jamani, mara hii nifanye kwa utaratibu.

"Mwalimu, ngoja kidogo tu," alisema. "Nakwenda kuchukua kibali."

"Mama!" aliita Ruzuna. "Mama, usiende!"

Lakini alishashika njia.

Ofisini alimkuta Bwana Shekuwe anafungasha mafaili. "Kibali cha sauti? Sauti ya nini?"

"Ya fidla, baba. Haraka, tafadhali."

"Nyuzi ngapi?"

"Mmoja."

Bwana Shekuwe akapekua, akapekua. "Fomu ya uzi mmoja hatuna. Jaza ya nyuzi nne, halafu chini andika maelezo ya zile tatu: zilipotelea wapi, na je, zilitolewa taarifa."

Zaituni akajaza. Jina la chombo, jina la babu wa chombo, mahali pa sauti, kimo cha sauti, madhumuni. Penye madhumuni aliandika "kusikilizwa", akaambiwa haitoshi, akaandika "kusikilizwa kwa maendeleo." Mhuri ulikuwa umefungiwa kwenye sanduku lililoshakwenda botini, likarudishwa. Wino ulikuwa umekauka, ukatemewa mate. Kibali kikatoka: sauti moja, dakika nane, gati, leo tu, chini ya usimamizi. Zaituni alikikumbatia, akakimbia nacho, Bwana Shekuwe nyuma yake na saa mkononi.

Boti ilikuwa imeshaondoka, imekuwa kidoa.

Wapagazi walikuwa wamesimama wima. Mama wa supu alikuwa amesahau kukoroga, na chini ya sufuria moto ulikuwa umezimika. Alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Wewe ndiye mama yake?" alimuuliza Zaituni. "Mbona hukuwepo? Lo, dada, mimi muziki siujui, lakini leo nimemkumbuka marehemu mama yangu kuanzia kucha mpaka nywele. Ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kuchukua kibali."

"Cha nini?"

Zaituni akamgeukia mwanawe. "Mwalimu kasemaje?"

Ruzuna akampa kikaratasi. Hakikuwa na mhuri. Kilikuwa na maneno machache ya kalamu ya risasi: *Aje mwezi wa kwanza. Mama yake asimlete, abaki nyumbani.* Zaituni alikisoma mara moja tu, akakaa chini, palepale kwenye mbao za gati, akacheka na kulia kwa zamu.

"Umepiga nini, mwanangu?"

"Ule wa kwenye mwiko. Wa miezi mitatu ile."

"Sikuwahi kuusikia."

"Najua."

"Nipigie basi na mimi. Kidogo tu. Kibali ninacho."

Ruzuna akafungua kasha. Ule uzi wa nne ulikuwa umejikunja juu ya fidla, umekatika. "Umekatika mwishoni kabisa, mama. Mwalimu kasema huko nitatiliwa nyuzi nyingine."

Zaituni akageuza uso. Bwana Shekuwe akakohoa, akainua saa yake.

"Bi Mwenyekiti, kibali kimeshatolewa. Kikitolewa lazima kitumike, ama sivyo nitaandika nini kwenye ripoti? Dakika nane, kuanzia sasa."

Basi wakasimama pale gatini, afisa na saa yake, mama na karatasi yake, na Ruzuna amelifunga kasha. Mama wa supu akawasha moto upya, akawatazama, akashindwa kujizuia.

"Nyinyi mnangoja nini?"

"Nasikiliza," alisema Zaituni.

"Bado dakika sita," alisema Bwana Shekuwe.